Umesimulia vizuri, lakini hoja yako iko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Dar es Salaam, naishi Gongo la Mboto. Mwaka huu nimeanza digrii ya biashara kwa njia ya mtandao katika chuo kimoja cha Marekani, na kozi ya kwanza ya lazima ni Utangulizi wa Falsafa, wiki nane. Insha ya kwanza tuliulizwa kama Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyehukumiwa kifo, alikuwa sahihi kukataa kutoroka gerezani. Niliandika kurasa tatu, nikapata 58 kati ya 100. Mwalimu aliandika mstari mmoja tu: "Umesimulia vizuri, lakini hoja yako iko wapi?" Sijamwelewa, na Kiingereza changu si kibaya. Nasoma usiku kwa simu nikitoka kazini, bando likiisha nalala. Mama naye anasema falsafa inamtoa mtu kwenye dini. Je, nibadilishe kozi mapema? Na kama naendelea, naisomaje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kozi usiiache. Mtu aliyepata 58 kwa kusimulia tu, maana yake kitabu amekielewa. Wapo wengi ambao hata hapo hawafiki. Mwalimu wako amekuandikia mstari wa maana, ila amekuandikia kama anamwandikia mwalimu mwenzake. Ngoja niufungue.

Sisi wote tumepita shule ileile. Tangu utotoni tunazoeshwa maswali ya "taja" na "fafanua", na mpaka kidato cha nne mtu ameshaijua kanuni: utangulizi, pointi sita, hitimisho. Pointi zenyewe ziko kwenye notisi. Ukizirudisha zote sita zikiwa salama, umefaulu. Kwa hiyo ulipoulizwa kama Socrates alikuwa sahihi, kichwa chako kikasoma "mweleze Socrates": alikuwa nani, alishtakiwa kwa kosa gani, Crito alimwambia nini, naye akajibu nini. Na nina hakika aya yako ya mwisho ilikuwa hivi au karibu na hivi: "Kwa kuhitimisha, Socrates alikuwa mtu mwenye msimamo na ni mfano wa kuigwa." Aya hiyo nimeisahihisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika nikiwa nimelala.

Lugha yetu nayo imechangia. Falsafa mtaani imekuwa kaulimbiu: kocha mpya kaja na falsafa yake, chama kina falsafa yake, hata muuza mitumba ana falsafa yake ya bei, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Hoja nayo tumeiachia Bunge. Mheshimiwa anasimama, anawashukuru wapiga kura wake, anaombea jimbo lake barabara, anasema "naunga mkono hoja", anakaa. Hoja ya namna hiyo ni jambo lililoletwa mezani lipite au lisipite. Hoja ya darasani kwako ni madai mawili matatu yaliyopangwa kiasi kwamba ukishayakubali, la mwisho huna pa kulikwepea. Ukitaka kulikataa hilo la mwisho, sharti uonyeshe ni lipi kati ya yale ya mwanzo lina ufa, na ufa wenyewe uko wapi. Hicho ndicho mwalimu wako alichokitafuta kwenye kurasa zako tatu asikione.

Tuichukue Crito yenyewe, kile kitabu kidogo cha Plato kilichopewa jina la rafiki wa Socrates, kwa sababu umeshaisoma na inafaa kurudiwa.

Ni mwaka 399 kabla ya Kristo, Athens. Alfajiri bado kiza. Crito, rafiki wa tangu zamani, ameingia gerezani kwa sababu mlinzi kamzoea na kuna kitu kidogo ameshamtendea (hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Dar). Hela ya kutorokea ipo, wenyeji wa kumpokea Thessaly wapo. Mzee ana miaka 70, amelala fofofo, na siku ya kunywa sumu imekaribia. Crito anamsihi waondoke. Socrates anasema: haya, tulichunguze jambo lenyewe, tuone kama ni haki kuondoka au si haki. Kisha anazipa Sheria za Athens sauti, kana kwamba zimesimama mlangoni zinamhoji. Zinamwambia mengi, lakini kubwa ni hili, nalipanga kwa mistari yangu:

Mtu anayekaa mahali akijua sheria za hapo, huku ana ruhusa ya kuondoka na mali yake, amekubali kuzitii. Socrates amekaa Athens maisha yake yote, na ruhusa hiyo alikuwa nayo. Kwa hiyo Socrates amekubali kuzitii sheria za Athens, na kutoroka leo ni kuvunja makubaliano.

Iangalie hiyo kama unavyoangalia risiti. Jumla ni ile ya chini. Hapo jumla imekaa sawasawa: ukikubali mstari wa kwanza na wa pili, wa tatu huwezi kuukataa. Kinachobaki ni kukagua vitu vyenyewe vilivyoandikwa juu. Je, mstari wa kwanza ni kweli?

Hapa nakuomba uniachie Athens kidogo twende dukani kwako. Nadhani hata hapo kwenu kipo kile kibao, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Mteja ananunua vigae, anafika navyo Chanika, anafungua boksi, vinne vimepasuka. Anarudi. Unamwambia: mzee, kibao ulikiona, hakuna aliyekulazimisha kununua, umenunua, kwa hiyo umekubali. Ndiyo hoja ya Sheria za Athens, hakuna kilichopungua. Sasa mteja akikujibu, "Binti, ningeenda wapi? Gerezani nzima mna kibao hichohicho," utasema nini? Huyo hakukutukana wala hakukuomba huruma. Ameushika mstari wa kwanza akautoboa: kubaki ni kukubali pale tu ambapo kuondoka kunawezekana kwelikweli.

Jibu la mteja wako liliandikwa mwaka 1748 na David Hume, Mskochi wa Edinburgh, katika insha yake ya kupinga wazo kwamba watu wanaitii serikali kwa sababu waliahidi. Anauliza: mkulima au fundi maskini, asiyejua lugha wala desturi za nchi nyingine, anayeishi siku kwa siku kwa kijira chake kidogo, kweli tuseme ana uhuru wa kuondoka? Kisha anatoa mfano ambao sijawahi kuufundisha darasa likabaki kimya. Mtu amebebwa akiwa usingizini, kaingizwa melini. Anaamka, pwani haionekani. Nahodha anamwambia: umebaki humu, kwa hiyo umeukubali utawala wangu, usipoutaka, bahari hiyo hapo, ruka.

Wanafunzi wengi wakifika hapo wanafunga daftari. Hume kashinda, Socrates kashindwa, insha imekwisha. Hapana, hapo ndipo alama zinapoanza kupatikana. Jiulize: Socrates ni yule mtu wa melini? Hakubebwa usingizini. Lugha yake ilizungumzwa miji mingi ya Ugiriki. Alikwenda vitani mbali na kwao akarudi. Hata asubuhi hiyohiyo Crito amekuja na hela na mahali pa kwenda. Kwa hiyo inawezekana Hume amemwokoa mkulima maskini, huku Socrates amemwacha palepale alipokuwa. Mwingine atapinga: Socrates mwenyewe alikuwa fukara, mahakamani alisema uwezo wake wa kulipa faini ni mina moja ya fedha (mina ni kipimo cha fedha cha Wagiriki), na walioahidi mina 30 walikuwa marafiki zake. Sasa una mgogoro wa kweli mkononi: uhuru wa kuondoka unaotegemea mfuko wa rafiki, ni uhuru? Ukiandika kurasa mbili juu ya swali hilo moja, ukachagua upande na kusema kwa nini, mwalimu wako hatakuandikia tena mstari ule.

Aya yako ya kwanza ingekuwa hivi, na sioni sababu ya kuiremba zaidi: "Socrates anasema amekubali kuzitii sheria za Athens kwa kuwa alibaki humo wakati angeweza kuondoka. Nitaonyesha kwamba hoja hiyo haiwafungi maskini wengi wa Athens, lakini yeye mwenyewe inamfunga." Sentensi mbili. Alizaliwa lini na mama yake alikuwa mkunga, hakuna haja. Mwalimu anajua. Na tafadhali, "wahenga walisema" usiianze nayo. Methali ni tamu lakini haithibitishi kitu, kila moja ina pacha wake anayesema kinyume: anayekuharakisha ana ngoja ngoja huumiza matumbo, anayekuzuia ana haraka haraka haina baraka.

Kwa hilo la methali nina shahidi wa jirani. Marehemu Profesa Odera Oruka, aliyefundisha Nairobi, alizunguka vijijini Kenya kuwahoji wazee wenye sifa ya hekima, akiwapinga wale waliokuwa wakisema Afrika haina falsafa kwa kuwa haikuandika. Aliwagawa wazee wake mafungu mawili. Wapo wanaojua kila jambo la mila na wanalisema vizuri kuliko mtu yeyote, basi. Na wapo wanaolijua vilevile, halafu wanauliza kama lilikuwa sawa, na ukiwabana wanakupa sababu zao wenyewe. Hao wa pili tu ndio aliowaita wanafalsafa. Insha yako ya kwanza ilikuwa ya mzee wa fungu la kwanza. Si tusi hilo, kijijini huyo ndiye anayewekwa kiti cha mbele.

Sasa kusoma. Kozi ya mtandaoni ina upungufu mmoja mkubwa, nao si intaneti: hakuna mtu wa kukukatiza. Darasani unasema neno, mwenzako anaguna, na ule mguno umekufundisha kitu. Kwenye simu saa tano usiku, uko peke yako na mawazo yako, na mawazo yetu wenyewe hayatugunii. Lile jukwaa la majadiliano liliwekwa lifanye kazi hiyo, na nina hakika limejaa "nakubaliana nawe kabisa, umeandika vizuri sana." Wanaandika hivyo kwa sababu wameamriwa kuwajibu wenzao wawili. Wewe usiandike hivyo. Chukua dai moja la mwenzako, liandike upya kwa ubora kuliko alivyoliandika yeye, kisha muulize swali moja linaloligusa. Akijibu, umepata mpinzani. Asipojibu, mwalimu ameona.

Zaidi ya hapo, tafuta mtu wa mwili na damu. Si lazima awe msomi. Mwenzako wa dukani, kaka yako, mama yako hasa, kwa kuwa yeye tayari ana pingamizi na falsafa. Msimulie hoja kwa Kiswahili, bila jina la Socrates ukitaka, halafu unyamaze umwache aipige.

Nasema kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza chako ni kizuri, umeniambia, na naamini. Hatari ya Kiingereza kizuri ni kwamba kinaweza kubeba sentensi isiyokuwa na kitu ndani na ikapita getini bila kukaguliwa. Ukiigeuza kwa Kiswahili cha nyumbani, utupu unaonekana saa hiyohiyo. Fanya hoja yako kwanza kwa Kiswahili, mistari mitatu minne nyuma ya karatasi, ndipo uiandike insha kwa Kiingereza.

Tena kuna faida ambayo mwanafunzi mwenzako wa Ohio hana. Mtakutana na Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, pengine wiki ya nne au ya tano, na sentensi yake maarufu aliyoiandika kwa Kifaransa mwaka 1637. Kwa Kiswahili husemwa "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Padre Alexis Kagame wa Rwanda aliwahi kusema kwamba kwa lugha zetu za Kibantu sentensi hiyo inamwacha msikilizaji akisubiri: upo, wapi? Ni, nani? Kitenzi chetu cha kuwa kinadai mahali au sifa. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, alilichukua wazo hilo akaonyesha kwamba kwa Kiakani, lugha ya kwao, nako mambo ni hivyohivyo. Ushauri wake kwa Waafrika ulikuwa huu: kabla hujalihangaikia tatizo la falsafa, lipeleke kwenye lugha yako uone kama bado limesimama. Mimi nimewaheshimu wote wawili, lakini Kiswahili kinanipa shaka. Mtu akipiga simu ofisini akauliza "Bosi yupo?", anauliza mahali. Mtu akisema "Mungu yupo", hakuna atakayemuuliza yupo chumba gani. Neno ni lilelile, kazi mbili. Kwa hiyo Kagame kapatia au kakosea? Mimi naegemea kwamba kwa Kiswahili kakosea kidogo, na nimebishana na watu wa maana juu ya hilo. Ukikosa mada ya insha ya mwisho, chukua hiyo, nakupa bure.

Kuhusu bando. Video zipunguze, saa moja ya video inameza bando la kusomea maandishi mwezi mzima. Maandiko yenyewe ya kale hayalipiwi. Crito, Meditations za Descartes, insha za Hume, na kitabu kidogo cha Bertrand Russell cha mwaka 1912 kuhusu matatizo ya falsafa, ambacho kwangu ndicho utangulizi bora kwa anayesoma peke yake, vyote vinapatikana Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, na Crito kama maandishi matupu haifiki hata MB moja. Kiingereza cha karne ya 17 na 18 kikikukaba, Jonathan Bennett aliyaandika upya maandiko mengi ya enzi hiyo kwa Kiingereza cha leo, yapo bure kwenye tovuti ya Early Modern Texts. Ile Stanford Encyclopedia of Philosophy, ensaiklopidia ya mtandaoni, ni hazina, lakini usianzie hapo, inaandikwa kwa ajili ya watu walioshavuka ulipo.

Pakua ukiwa na bando, ukaprinti Crito steshenari. Haizidi kurasa ishirini. Narudia, ukaprinti. Falsafa kwenye kioo cha simu inasomeka kama meseji, jicho linateremka tu. Kwenye karatasi unaweza kuandika pembeni "kwa nini?" na "hapa ananidanganya". Kurasa tano kwa siku zinatosha, mara mbili: mara ya kwanza upate anasema nini, mara ya pili, na kalamu, utafute neno "kwa sababu" na "kwa hiyo" kila linapojitokeza. Hayo ndiyo maungio. Kama una Jumamosi ya mapumziko na nyumbani kuna kelele, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed si mbali na Gerezani.

Muda wa kukusanya kazi uangalie vizuri, hapo wamelia wengi. Kama chuo chako kinatumia saa za New York na wamesema Jumapili 11:59 usiku, kwetu ni Jumatatu asubuhi, dakika moja kabla ya saa moja. Lakini wenzetu wanasogeza saa zao: kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba itakuwa dakika moja kabla ya saa mbili, mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Sisi hatusogezi kitu. Kwa wiki nane unaweza kuanza kozi kwa saa moja ukaimaliza kwa nyingine.

Akili mnemba najua ipo kwenye simu yako. Ikikuandikia insha, utapata kurasa laini zisizo na mtu ndani, na vyuo vingi vinalihesabu hilo kuwa wizi. Ila ukishaandika yako, na kama kanuni za chuo zinaruhusu, iambie ikupinge. Kazi ya kuguna inaiweza kiasi.

Jingine hukuniuliza, lakini mimi nina mabinti: kabla ya ada ya muhula wa pili, hakikisha chuo hicho kina ithibati kwao, na uulize Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada yake itatambuliwa hapa. Maswali hayo ni rahisi mwaka wa kwanza kuliko wa nne. Ukiona kuna wasiwasi, kusoma kwa masafa si lazima uvuke bahari, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye kazi kama wewe.

Mama sasa. Sikuambiwa ni wa msikitini au wa kanisani, nami sitauliza. Kama ni wa kanisani, na hasa Mkatoliki, mwambie kwamba padre wake kabla ya kuigusa teolojia aliketi kwanza miaka kadhaa akisoma falsafa. Mafrateri wa seminari za Kibosho na Ntungamo wanamsoma Plato yuleyule unayemsoma wewe.

Kama ni wa msikitini, mwambie habari za Imam al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 na kufariki 1111. Huyu aliwapinga wanafalsafa, tena kwa nguvu, kwa hiyo mama atampenda. Lakini tazama alivyofanya. Alisema huwezi kuikosoa elimu mpaka uifahamu kufikia kiwango cha mjuzi wake mkubwa. Akajifundisha falsafa mwenyewe, bila mwalimu, kwa vitabu, katika nafasi za kuibia baada ya kazi, wakati ana wanafunzi 300 Baghdad wanaomsubiri. Ilimchukua pungufu ya miaka miwili, na karibu mwaka mwingine wa kutafakari. Akaandika kitabu cha kueleza wanafalsafa wanasema nini, kwa uaminifu kiasi kwamba kilipotafsiriwa kwa Kilatini, Wazungu walimdhania ni mmoja wa wanafalsafa hao. Ndipo akaandika cha kuwavunja. Baadaye Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi, mtoto wa kadhi, akaandika cha kumvunja yeye, akinukuu maneno yake kipande kwa kipande kabla ya kujibu. Waumini wawili, pande mbili, na hakuna aliyejibu hoja kabla ya kuieleza. Nawe hizo saa zako za kuibia usiku, usizidharau.

Jirani yangu ni fundi seremala. Jioni moja, nina rundo la insha kama yako, nikamwendea kibandani nikamweleza kisa cha mzee aliyeandaliwa njia ya kutoroka akakataa. Alisikiliza akiwa anapiga randa. Akauliza, "Alikuwa na watoto?" Nikamwambia watatu, mmoja kijana, wawili wadogo. "Basi huyo hakufikiria vizuri." Nikashtuka, kwa maana ndiyo hoja ambayo Crito mwenyewe anamtolea Socrates, kwamba anawatelekeza wanawe, na fundi hajawahi kumsikia Crito. Nikampa jibu la Socrates: kama marafiki watawatunza watoto baba akihamia Thessaly, kwa nini wasiwatunze akihamia kaburini?

Fundi akaweka randa chini, akapuliza vumbi kwenye ubao. "Mwalimu," akasema, "hao marafiki kuna karatasi waliyotia sahihi, au na wao wamekubali kwa kukaa tu?"